Sura ya Sita: Mbawakawa Asiye na Jina

Mwaka 1861 msafara ulitoka Mombasa kuelekea Kilimanjaro ukiongozwa na Baron Carl Claus von der Decken, Mjerumani mwenye mali na hamu kubwa ya kuuona mlima ambao wasomi wa Ulaya walikuwa bado wakibishana kama kweli una theluji. Alifuatana na mwanajiolojia Mwingereza, Richard Thornton. Mwaka uliofuata alirudi tena, safari hii na Otto Kersten, wakapanda mlima hadi kupita mita 4,000. Mwaka 1865 Decken aliuawa Bardera, kwenye mto Juba, na kazi ya kuzitolea vitabu safari zake ikaangukia mikononi mwa Kersten. Wadudu waliokusanywa katika safari hizo walipelekwa Berlin, kwa Adolph Gerstaecker, mtaalamu wa wadudu katika makumbusho ya mji huo. Mwaka 1871 Gerstaecker alichapisha makala juu ya wadudu wa “Zanzibar”, na mwaka 1873 likatoka juzuu zima lenye maelezo ya mamia ya spishi. Mombasa imo humo, ikiandikwa kwa tahajia ya Kijerumani ya wakati ule: Mombas.

Nimeanza na Berlin kwa sababu anayemkamata mdudu Mji wa Kale wa Mombasa leo na kushuku kwamba hajulikani kwa sayansi atalazimika kupita huko, kwa miguu au kwa picha. Neno “mpya” katika elimu ya wadudu halimaanishi kwamba mdudu huyo hajawahi kuonwa na mtu. Bila shaka ameonwa mara nyingi na watoto, wakulima na akina mama wanaochuma mboga. Maana yake ni kwamba hakuna aliyewahi kumwelezea kwa maandishi na kumpa jina kwa mujibu wa kanuni. Kulithibitisha hilo ni kazi ya kurudi nyuma, jina kwa jina, hadi mwaka 1758, ambao Linnaeus alichapisha toleo la kumi la kitabu chake cha mfumo wa viumbe. Majina ya wanyama huanza kuhesabiwa hapo.

Sura hii inamhusu mbawakawa wa majani. Familia yake, Chrysomelidae, ni miongoni mwa familia kubwa kabisa za wadudu: spishi zaidi ya 35,000 zimekwisha kupewa majina, na kila mwaka nyingine huongezwa, nyingi zikitoka nchi za joto. Wengi wao ni wadogo, milimita 3 hadi 10. Wakiwa wazima hula majani, na mabuu yao hula majani, mizizi, shina au mbegu, kutegemea kundi. Kwa kuwa spishi nyingi hushikamana na mmea mmoja au jamaa ya mimea inayokaribiana, palipo na mimea ya aina nyingi huwa pana mbawakawa wa aina nyingi. Misitu ya pwani yetu, tangu Arabuko-Sokoke hadi Shimba na makaya ya Wamijikenda, ina utajiri wa mimea isiyopatikana kwingineko, na wadudu wake bado hawajachunguzwa vya kutosha. Kisiwa cha Mombasa chenyewe kimejengwa karibu chote, ila mimea haijakwisha: mibuyu ya barabara ya Mama Ngina, mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor, vichaka vilivyoota kwenye nyufa za kuta za matumbawe, bustani ndogo za nyuma ya nyumba.

Mmoja wa jamaa hii anajulikana kwa kila mpishi wa Mombasa. Nenda Marikiti, chota kunde kwenye gunia lililokaa muda, uzimwage kiganjani. Kwenye baadhi ya punje utaona madoa meupe madogo yaliyogandamana na ganda. Ni mayai. Buu linapoanguliwa halitembei kokote: hutoboa ganda palepale chini ya yai, likaingia ndani na kula punje hadi likamilike, kisha mdudu mzima hukata tundu la duara na kutoka. Huyo ndiye fukusi wa kunde, Callosobruchus maculatus. Zamani wataalamu walimweka katika familia ya peke yake. Siku hizi uainishaji unaokubalika unamhesabu yeye na wenzake kuwa tawi la mbawakawa wa majani, tawi lililoacha majani na kuhamia kwenye mbegu.

Mwingine ni mzuri mno, na uzuri wake unaonyesha kwa nini kazi ya kutambua ni ngumu. Kwenye majani ya viazi vitamu, na kwenye mimea mingine ya jamaa hiyo inayotambaa, hukaa mbawakawa wa jenasi Aspidimorpha. Ni bapa, mwenye ukingo mpana unaopenyeza mwanga unaofunika kichwa na miguu, na akiguswa hujibana juu ya jani asionekane hata mguu mmoja. Akiwa hai mgongo wake hung’aa dhahabu halisi. Buu lake limejaa miiba pembeni, na hubeba juu ya mkia magamba yake ya zamani pamoja na kinyesi chake, likivitumia kuwa ngao dhidi ya chungu. Muue mdudu huyu mzima, umchome sindano, umtie sandukuni. Siku chache baadaye dhahabu imetoweka, na kilichobaki ni rangi ya kahawia iliyofifia, kwa sababu ule mng’aro hutegemea unyevu uliomo kati ya tabaka za gamba lake. Mtaalamu anayemfungulia sanduku baada ya miaka 100 hukutana na mdudu wa kahawia. Aliyemkamata asipoandika rangi siku ileile, rangi hiyo imepotea kwa sayansi.

Sasa tuchukue mfano wa mdudu asiye na umaarufu wowote. Tuseme umemkuta kwenye kichaka kando ya ukuta karibu na Ndia Kuu, Mji wa Kale: milimita 4, mgongo wa manjano wenye mkanda mweusi, miguu myembamba. Kitabu cha picha hakitakusaidia, maana Afrika wapo wengi wanaofanana naye. Utaanzia miguuni. Wayo wa mbawakawa wa majani una pingili tano, lakini ukimtazama haraka utahesabu nne. Pingili ya tatu ni pana, imegawanyika mapande mawili, na katikati ya mapande hayo imejificha ya nne, ndogo hata inahitaji hadubini nzuri. Alama hiyo anashiriki na binamu zake, mbawakawa wenye vipapasio virefu. Mmoja kati ya hao binamu amebeba jina la mji wetu: jenasi Mombasius, iliyoelezwa mwaka 1879 na Henry Walter Bates, yule msafiri wa Amazon aliyeeleza jinsi wadudu wasio na sumu wanavyoiga sura ya wenye sumu.

Ukishaiona pingili hiyo unapanda kwenye uso. Vipapasio vikianzia karibukaribu, katikati ya macho, uko kwenye tawi kubwa la Galerucinae. Kisha mtazame paja la mguu wa nyuma. Likiwa nene kuliko linavyohitajika kwa kutembea, umempata mmoja wa wale wanaoruka ghafla jani linapotikiswa. Ndani ya paja hilo mna kipande kigumu kilichojikunja, kinachoshiriki katika kuhifadhi nguvu ya misuli na kuiachia mara moja. Mwaka 1929 kipande hicho kilielezwa kwa kina na Samarendra Maulik, msomi kutoka Bara Hindi aliyefanya kazi katika makumbusho ya London, na hadi leo wataalamu wengi hukiita kwa jina lake. Napenda kulitaja jina hilo kila ninapoeleza habari hizi Mombasa, mji ambao umeishi na Bara Hindi kwa karne nyingi. Elimu ya wadudu wa Afrika haikujengwa na Wazungu peke yao.

Mdudu wetu wa mfano ana paja jembamba. Unatazama tena wayo wa nyuma: pingili ya kwanza ni ndefu mno, inakaribia au kupita urefu wa zote zilizobaki zikiunganishwa. Basi huenda yumo katika jenasi Monolepta au majirani zake. Hapo ndipo ugumu wenyewe unapoanza.

Monolepta wa Afrika waliwasumbua wataalamu kwa zaidi ya karne moja. Sababu ni rangi. Spishi ileile huweza kuwa na mkanda mweusi mpana kwa mmoja, mwembamba kwa mwingine, na kwa wa tatu mkanda ukakatika kuwa madoa au kutokuwepo kabisa. Wataalamu wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 mara nyingi walikuwa na mdudu mmoja au wawili mezani, kila mmoja ametoka mahali mbali na mwenziwe, na kwao tofauti ya rangi ilitosha kuzaa jina jipya. Majina yakarundikana. Mjerumani Thomas Wagner ndiye aliyetumia miaka mingi kuyapanga upya, yeye na wanafunzi wake, wakilinganisha maelfu ya wadudu kutoka makumbusho mbalimbali. Wagner alianza kwa kukusanya mwenyewe: katika miaka ya 1990 alifukiza dawa kwenye vilele vya miti ya msitu wa Budongo, Uganda, akatandaza vitambaa chini na kuokota kila kilichoanguka. Ukiwa na mamia ya wadudu kutoka mti mmoja, unaona kwa macho jinsi rangi inavyopanda na kushuka ndani ya spishi moja. Majina mengi ya zamani yakaonekana kuwa ya mdudu mmoja. Upande wa pili, baadhi ya waliodhaniwa kuwa Monolepta walitolewa wakapewa jenasi zao, mojawapo ikiwa Afromaculepta ya mwaka 2000. Na katikati ya fujo hiyo ya majina wakajitokeza wengine ambao hawakuwahi kupewa jina lolote, wakiwa wamelala kwenye droo kwa miongo kadhaa chini ya jina la mtu mwingine.

Ninalishikilia hili kwa nguvu: mahali penye spishi mpya nyingi zaidi ni droo za makumbusho. Tunapenda kumfikiria mgunduzi akiwa msituni na wavu mkononi. Msitu hutoa mdudu, lakini ugunduzi hutokea pale mtu anapowapanga 200 wanaofanana mstari mmoja, akaona kwamba 14 kati yao si wale.

Rangi ikishindwa, kinachoamua ni kiungo cha uzazi cha dume. Mdudu mkavu hulowekwa kwenye maji ya moto hadi viungo vyake vilegee. Kwa sindano yenye ncha iliyopinda, mtaalamu hufungua mwisho wa tumbo na kuvuta nje mrija mdogo kuliko chembe ya ufuta, wa rangi ya kahawia, mgumu. Mrija huo huwekwa kwenye potasi ili nyama iliyoushika iyeyuke, kisha husafishwa na kutazamwa kwa hadubini kutoka juu, ubavuni na chini. Unaweza kukuta ncha imechongoka, au imegawanyika, au imepinda kama mkono wa jambia. Ndani yake mna miiba midogo ambayo idadi na mpangilio wake hurudia uleule kutoka dume hadi dume wa spishi moja, hata kama migongo yao haifanani kabisa. Kwa jike hutazamwa kifuko kinachohifadhi mbegu za dume, nacho kina umbo lake. Kazi hii yafanywa kwa pumzi iliyobanwa. Mkono ukitetemeka mrija unaruka, na pengine huyo ndiye dume pekee aliyepo duniani katika mkusanyo wowote. Baada ya kuchorwa, kiungo hubandikwa kwa gundi kwenye kadi ndogo iliyochomwa sindano ileile ya mdudu mwenyewe, vitu hivyo viwili visije kutengana.

Tangu mwaka 2003, Paul Hebert wa Canada alipopendekeza kutumia kipande kimoja cha DNA kuwatambua wanyama, kuna njia nyingine ya kuuliza swali lilelile. Kipande hicho kina herufi 658 hivi, na mguu mmoja wa mdudu unatosha kukitoa. Ni msaada mkubwa, hasa kwa kumuunganisha buu na mzazi wake, jambo ambalo zamani lilihitaji kumfuga. Hata hivyo DNA haikwepi droo. Jina la zamani limefungwa kwa mdudu mmoja mkavu aliyechomwa sindano mwaka 1871 au 1903, na kama DNA ya huyo imeharibika, utarudi kwenye umbo la mwili tu.

Mdudu huyo mmoja huitwa holotaipu. Yeye ndiye anayelibeba jina, na wengine wote huitwa kwa jina hilo kwa kufanana naye. Ukitaka kudai kwamba mbawakawa wa Ndia Kuu ni mpya, lazima umlinganishe na mataipu, yaani hao wabeba majina, ya spishi zote za karibu naye, na mataipu ya Afrika Mashariki yametawanyika: Berlin, London, Paris, Tervuren huko Ubelgiji, na Nairobi. Zamani mtaalamu wa Nairobi aliandika barua na kusubiri mdudu wa kuazima afike kwa posta, au alitafuta nauli. Siku hizi baadhi ya makumbusho hupiga picha kali za mataipu yao na kuzitoa bure kwenye intaneti, na hatua hiyo imewafungulia mlango watafiti wa Afrika kuliko maazimio mengi ya mikutano. Bado sehemu kubwa haijapigwa picha. Na baadhi haitapigwa kamwe: mabomu ya mwaka 1943 yaliyateketeza makumbusho ya wanyama ya Hamburg pamoja na hazina yake ya wadudu wakavu, na moto wa mwaka 2018 ulifanya hivyohivyo Rio de Janeiro.

Halafu kuna lebo. Chini ya kila mdudu wa zamani kuna kikaratasi, na juu yake neno moja au mawili: “Mombas”, “Mombassa”, “Zanzibar”. Msomaji wa leo hudhani anajua ni wapi. Lakini Gerstaecker alipoandika “Zanzibar” alikusudia nchi iliyokuwa chini ya himaya ya Sultani na hata bara nyuma yake. Mombasa nayo ilikuwa bandari, na bandari hukipa jina lake kila kinachopitia kwake. Sanduku lililojazwa njiani kati ya Taveta na pwani lingeweza kufika Ulaya likiwa na jina la mahali lilipopakiwa melini. Kwa hiyo lebo ya “Mombasa” ya karne ya 19 naisoma kuwa dalili tu, hadi ithibitishwe na shajara ya safari au na wadudu wengine wa sanduku lilelile. Charles Alluaud na René Jeannel, Wafaransa waliopita pwani hii mwaka 1911 na 1912, walibadilisha desturi hiyo kwa upande wao: vituo vyao walivipa namba na kuvieleza, hata mapango ya Shimoni, na kwa sababu hiyo mkusanyo wao unatumika hadi leo bila kubahatisha.

Bandari ina swali la pili, nalo ni gumu zaidi. Je, mdudu huyu ni wa hapa? Kisiwa hiki kimepokea majahazi kutoka Gujarati, Hadhramaut na Ghuba, kisha meli kutoka kila upande wa dunia, na ndani ya mizigo hiyo mmesafiri miche, nafaka na wadudu. Mbawakawa asiyepatikana katika kitabu chochote cha Afrika anaweza kuwa na jina kamili India au Amerika ya Kusini. Tumewahi kufundishwa somo hili kwa hasara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakulima wa Tabora walianza kupoteza mahindi kwa mdudu wasiyemjua, aliyeyageuza magunzi kuwa unga. Alipotambuliwa ilibainika kuwa ni Prostephanus truncatus, mdudu wa Amerika ya Kati, na mwaka 1983 alishaonekana Taveta. Yeye hatoki kwenye familia ya mbawakawa wa majani. Wakulima wa Tanzania walikuja kumwita dumuzi. Kutambuliwa kwake kuliwaonyesha watafiti waende wapi kumtafuta adui wake wa asili, na mwaka 1992 mbawakawa mwindaji aliyetoka huko Amerika aliachiwa Kenya ili amshambulie. Kama mtu angempa dumuzi jina jipya la Kiafrika kwa sababu hakulikuta kwenye vitabu vya Afrika, watafiti wangemtafuta adui huyo katika bara lisilo lake.

Basi tuseme umepita kote huko: mataipu yamelinganishwa, bahari imeulizwa, na mdudu wako bado hana jina. Sasa unaandika. Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama, toleo la nne, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2000, inataka mambo machache, na inayataka wazi: useme kwamba spishi ni mpya, utoe maelezo yanayomtofautisha, umteue holotaipu, na utaje makumbusho atakakohifadhiwa. Tangu mwaka 2012 makala inaweza kutolewa kwa njia ya kielektroniki peke yake, mradi iandikishwe kwanza kwenye daftari la ZooBank. Maelezo yenyewe hayana mapambo. Urefu wote, uwiano wa upana wa ngao ya shingo na urefu wake, uwiano wa pingili ya pili ya kipapasio na ya tatu, rangi ya kila sehemu, vinyweleo viko wapi na viko vingapi. Msomaji asiyezoea atachoka. Mimi huona humo heshima ya aina yake: mtu ameketi na kiumbe cha milimita 4 na hakuacha upande wake wowote bila kuutazama.

Aliyewazidi wengi kwa kazi hiyo hakuwa hata na kiti cha chuo kikuu. Martin Jacoby, aliyezaliwa Altona mwaka 1842 na kufariki London mwaka 1907, alikuwa mpiga fidla wa okestra. Fidla ndiyo iliyomlisha, na saa zilizobaki aliwapa mbawakawa wa majani, wakiwemo wengi wa Afrika. Majina aliyoyatoa bado yamejaa kwenye orodha zetu.

Jina unachagua wewe. Unaweza kumwita kwa mahali, na mombasensis ni jina halali kabisa, almuradi halijatumika ndani ya jenasi hiyo. Unaweza kumwita kwa umbo au mmea wake. Unaweza pia kutumia Kiswahili, na kanuni haikatai: mwaka 2002 chura mdogo wa milima ya Ukaguru, Tanzania, alipewa jina la Churamiti maridadi, na dunia nzima ya wanasayansi inalitamka hivyo. Natamani tulione hilo mara nyingi zaidi kwa wadudu wa pwani.

Holotaipu akae wapi? Msimamo wangu ni kwamba abaki Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo mkusanyo wake ulianzishwa na chama cha elimu ya viumbe kilichoundwa mwaka 1909. Wenzake kutoka kundi lilelile, parataipu, wagawanywe kwa makumbusho mengine mawili au matatu, ili moto mmoja usiwamalize wote. Sheria nayo ina sehemu yake. Utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kutumia rasilimali za jenetiki kunahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira. Taratibu hizi huchukua muda, lakini zimewekwa kwa sababu inayoeleweka na yeyote aliyesoma mwanzo wa sura hii: karne nzima wadudu wetu walitoka na hawakurudi, hata kwa picha.

Watu huuliza kazi hii yote ina faida gani, na jibu ninalolijua vizuri limeanzia kwa Gerstaecker yuleyule. Miongoni mwa wadudu aliowapa majina katika makala yake ya 1871 yumo mbawakawa mdogo wa majani anayeitwa leo Sesselia pusilla. Kwa karibu miaka 100 jina hilo halikuwa na maana kwa mtu yeyote nje ya makumbusho. Mwaka 1966, kwenye mashamba ya mpunga ya Otonglo karibu na Kisumu, mimea ilianza kugeuka manjano na kudumaa. Mholanzi W. Bakker akagundua kwamba ni virusi visivyokuwa vimejulikana mahali popote, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akathibitisha kwamba vinaenezwa na mbawakawa wanaotafuna majani. Aliwajaribu mmoja mmoja kwa majina yao. Sesselia pusilla alikuwa kati ya waliokamatwa na hatia, pamoja na mbawakawa wa miiba wa mpunga, Trichispa sericea. Ugonjwa huo, unaoletwa na virusi vya manjano ya mpunga, umeenea nchi nyingi za Afrika zinazolima mpunga, na wachunguzi wa jenetiki wamefuatilia chimbuko lake hadi mashariki ya Tanzania. Bakker hangeweza kusema ni mdudu yupi anaeneza na yupi hana hatia kama wote wangekuwa kwake “kijidudu cha manjano”.

Kitu kimoja hakimo katika maelezo mengi ya zamani, na ndicho kinachopungua hata leo: mmea. Gerstaecker, Jacoby na waliowafuata walipokea wadudu bila kujua walikuwa wakila nini, na kwa spishi nyingi za Galerucinae wa Afrika hali ni ileile. Habari hiyo haiwezi kutolewa kwenye droo yoyote. Inapatikana kwa mtu anayeishi hapo, anayejua mmea kwa jina, anayepita karibu nao wakati wa masika na tena wakati wa kaskazi, na kumwona mbawakawa yuleyule akitafuna jani lilelile. Mkazi wa Kibokoni au Kuze, mitaa ya Mji wa Kale, aliye na simu yenye kamera nzuri anaweza kuipiga picha hiyo akielekea sokoni, akaandika tarehe, mtaa na jina la mmea. Makala ya kumtangaza mbawakawa wa Ndia Kuu itakapoandikwa, ile sehemu fupi inayohusu chakula chake, ambayo kwa spishi nyingi huachwa tupu, itaandikwa kutokana na daftari la mtu kama huyo.